Betri nzuri, duka la hovyo: yaliyonipata Nakuru

Nianze na kijana wa kaunta, maana yeye ndiye amenikaba kooni hadi leo.

Nilibeba betri ya gari letu la kambi kutoka Molo hadi Nakuru mjini, kwenye duka lilelile lililotufungia sola. Mnajua betri ya asidi ilivyo nzito. Nikaiweka kaunta, risiti na kadi ya waranti kando. Kijana hakushika hata mita. Akaniuliza huku macho yako kwenye simu, "Mama, unatoka wapi?" Molo. "Basi ni baridi ya huko imeiua. Baridi haiko kwa waranti." Akaisukuma betri kwa vidole viwili kama sahani chafu, akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Baridi gani hiyo? Kweli, Juni hadi Agosti Molo tunavaa makoti mchana na jua halionekani. Lakini Ulaya watu huegesha magari ya kambi kwenye theluji, na betri iliyojaa haigandi hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Inayoganda upesi ni ile iliyoachwa bila chaji. Muuza betri hajui hilo? Na gari letu likilala tunazima friji, tunaongeza maji ya betri, tunapangusa paneli. Tufanye nini tena?

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi wa betri za matrekta hapo Molo. Alifungua vifuniko vyote sita, akavuta asidi kwa kile kipimo cha glasi chenye mpira juu, chumba baada ya chumba. Kila mara kielea kilisimama kwenye nyekundu, yaani chaji iko chini. "Mama, hii haijafa. Ingekufa, chumba kimoja kingekuwa chini peke yake. Hii haijawahi kujaa."

Akaomba aione kontrola ya chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme wa sola unaoingia kwenye betri. Kumbe mafundi wa duka waliiweka kwenye mpangilio wa betri za jeli! Ilikuwa inaishia volti 14.1, na betri yetu ya maji inataka kama 14.4 hata kukiwa na joto. Kila nyuzi inayoshuka chini ya 25, inataka nyongeza ya volti 0.03 hivi, asubuhi ya nyuzi 10, hiyo ni karibu nusu volti. Ongeza mawingu ya Julai. Betri ya asidi ikikaa nusunusu hivyo, salfeti, yaani chumvi ya risasi, hugandamana kwenye sahani za ndani na kuwa ngumu. Na ule waya mdogo wa kupima joto la betri, unaoiambia kontrola iongeze volti kukiwa baridi? Ulikuwa bado kwenye nailoni yake, ndani ya boksi.

Mzee akarekebisha mpangilio, akaichaji polepole, kielea kikapanda hadi kijani. Vyumba viwili tu vimebaki kwenye nyeupe, katikati ya nyekundu na kijani.

Kwa hiyo betri naisifu, imevumilia mateso. Paneli sina neno nayo. Bei zao pia ni nafuu, nilitaka hata kuwaambia mnunue pale. Lakini nikikumbuka vile vidole viwili... la, msinunue! Au mkinunua, msitoke kabla fundi hajawaonyesha kontrola imewekwa kwa betri ya aina gani na ule waya wa joto umebandikwa wapi. Vile vyumba viwili ni deni la duka, na waranti haijaisha. Nairudisha, na safari hii naenda na mzee aipime palepale kaunta.