Avalon kwa jicho la msaliti: kila hujuma ina bei yake

Avalon, mchezo wa mezani wa Don Eskridge uliotolewa na Indie Boards & Cards mwaka 2012, unakuja katika sanduku dogo linaloingia kwenye begi la mgongoni. Ndani yake wasaliti hujificha kati ya watiifu na kuhujumu safari zao. Wengi wanaousifu wamekaa upande wa watiifu, maana hao ndio wengi mezani. Tathmini hii inakaa upande wa wasaliti. Huko ndiko mchezo unakojionyesha kuwa umetengenezwa kwa akili, na huko ndiko wageni wanakoboronga.

Sheria kwa haraka. Wachezaji ni 5 hadi 10. Wasaliti ni 2 mkiwa watu 5 au 6, ni 3 mkiwa 7, 8 au 9, na ni 4 mkiwa 10. Kiongozi anataja timu ya kwenda safari, wote mnapiga kura kwa pamoja, na kura zikifungana timu imekataliwa. Timu ikipita, kila aliyemo anatoa kadi kwa siri: mtiifu hana budi kutoa ya mafanikio, msaliti anachagua. Kwa kawaida hujuma moja inaangusha safari. Safari tatu zikianguka, wasaliti wameshinda. Timu tano zikikataliwa mfululizo katika safari moja, wameshinda pia. Tatu zikifaulu, bado Muuaji, mmoja wa wasaliti, ana nafasi moja ya kumtaja Merlin, yule mtiifu aliyewajua wasaliti tangu mwanzo. Akimpatia, ushindi wa watiifu unafutika palepale.

Ukilinganisha na Mafia, mchezo ulioanzishwa na Dimitry Davidoff mjini Moscow mwaka 1986, tofauti kubwa ni kwamba hapa hakuna anayeuawa mapema akabaki kukodolea wenzake macho hadi saa tano usiku. Kila mtu anacheza mpaka mwisho. Kwa msaliti maana yake ni moja: mashahidi wako wote wako hai, na wanakumbuka ulivyopiga kura.

Ndiyo maana kadi ya hujuma tunaihesabu kama kitu cha kununua. Unapata safari moja, unalipa kwa habari. Kabla ya kuitoa, piga bei ya siku hiyo.

Chukua meza ya watu 5. Timu za safari zake ni watu 2, 3, 2, 3, 3. Ukitia hujuma katika safari ya kwanza, mwenzako mtiifu amekujua kwa hakika, na waliobaki wanajua ni mmoja wenu. Hiyo ni bei anayouziwa mzungu. Sasa tazama timu ya watu 3: katika watu 5 inaweza kupangwa kwa njia 10, na ni moja tu isiyo na msaliti ndani. Hesabu yenyewe inakufanyia kazi, na lawama inagawanywa kwa watatu. Basi iache ya kwanza ipite. Utakuwa umejipatia hati ya usafi: kiongozi wa pili atawachukua wale wawili waliofaulu na kuongeza wa tatu, nawe utaingia bila kuomba. Mtu akikuuliza, jibu lipo: “Ssebo, mimi nilikuwemo ya kwanza na ikapita, unanitoa kwa kosa gani?”

Ila uvumilivu nao una mpaka. Ukiziachia safari zote mbili za watu wawili, zimebaki tatu tu, na unatakiwa uziangushe zote. Msaliti anayejisifu kwa subira hadi watiifu wanaongoza 2 kwa 0 ameshajifungia mlango. Kwa hiyo ya kwanza iache na ya pili iangushe. Ya tatu iamue kwa kutazama nani mwingine yumo: ukiwa na mtu ambaye meza inamshuku tayari, tia, maana yeye ndiye atakayebeba mzigo.

Meza ya watu 7 ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote. Safari ni watu 2, 3, 3, 4, 4, na ya nne inahitaji hujuma mbili ndipo ianguke. Hapa ndipo kosa la kawaida kuliko yote linapotokea: msaliti aliye peke yake katika safari ya nne anatia hujuma kwa mazoea. Safari inafaulu, kadi moja ya hujuma inaonekana mezani, na watiifu wamepata habari bure. Umelipa na bidhaa hukupewa. Ukiwa peke yako humo, toa ya mafanikio na uso mkunjufu. Kazi yako katika safari ya nne ni kuhakikisha mmeingia wawili. Hilo si gumu kama linavyosikika: timu ya watu 4 kati ya 7 ina njia 35, na 22 kati yake zina wasaliti wawili au zaidi. Na mkifika 2 kwa 2 na kuingia safari ya tano, kati ya njia zilezile 35 ni moja tu iliyo safi.

Tatizo la pili ni kugongana. Wasaliti wawili wameingia timu ya watu 3, kila mmoja anatia, zinatoka hujuma mbili. Safari imeanguka, lakini meza nzima inajua kwamba kati ya hao watatu mtiifu hazidi mmoja. Kinyume chake pia hutokea: kila mmoja anamwachia mwenzake, safari inafaulu, na mnatazamana kama waliokosa basi la mwisho. Ishara za macho hazifai, kwa sababu Merlin anawatazama ninyi kuliko kadi. Kanuni inayofanya kazi bila ishara ni hii: aliyekwisha chafuka ndiye anayetia. Yule aliyetajwa kwa ubaya mara nyingi zaidi katika mazungumzo hana sifa ya kulinda, basi atumike. Kanuni hii inakwama pale nyote wawili mkiwa safi. Hapo aliye karibu zaidi na kiongozi kwa upande wa kushoto ndiye atie, na kiongozi akiwa msaliti, ni yeye. Mkubaliane hivyo kabla ya kadi za wahusika kugawiwa, kwa sauti, mbele ya wote. Watiifu wakijua kanuni hawapati cha maana, kwa kuwa bado hawajui nani ni nani.

Kura zinauma zaidi kuliko kadi, maana hazina siri. Wasaliti watatu wakikubali pamoja timu yenye mwenzao, au wakikataa pamoja timu safi, mwenye daftari atawakamata kufikia safari ya tatu. Gawanyeni. Kura ambayo haibadilishi matokeo ni mtaji: ukiona wazi kwamba timu safi itapita, ikubali, ikifaulu uwe upande wa waliosema ndiyo. Na pendekezo la tano la safari moja msilikatae kamwe ila pale mnapojua kura zenu zinatosha kumaliza mchezo. Likikataliwa watiifu wameshindwa, kwa hiyo mtiifu mwenye akili timamu hulikubali. Anayesema hapana pale, wakati timu inapita, amejitangaza.

Wahusika wa ziada ndio wanaoamua kama sanduku hili litakaa rafuni au litachakaa kwa matumizi. Mordred haonwi na Merlin, na tunamwona ndiye silaha bora ya wasaliti. Morgana, msaliti mwingine, anaonekana kwa Percival, mtiifu anayeonyeshwa Merlin, kana kwamba naye ni Merlin, lakini nguvu yake inategemea aanze kazi mapema: katika safari ya kwanza yenyewe akatae timu moja kwa sababu nusunusu, kama mtu anayejua jambo asilotaka kulisema. Akisubiri hadi ya tatu, Percival ameshachagua. Oberon tunamwacha sandukuni. Hajui wenzake, wenzake hawamjui, na Merlin anamwona; huyo ni zawadi kwa watiifu. Mkiwa 5 na mkamtia Percival, lazima mumtie Mordred au Morgana pia, la sivyo wasaliti wanaonewa.

Usiku wa mwanzo ndipo michezo mingi inaharibika hata kabla ya kura ya kwanza. Msomaji asome polepole: wote mfumbe macho, ngumi mbele, wasaliti mfumbue mtazamane, wasaliti mfumbe, wasaliti mnyooshe dole gumba, Merlin fumbua uone, Merlin fumba, madole yashuke. Mordred anafumbua na wenzake lakini hanyooshi dole. Oberon, kama mmekaidi mkamweka, anafanya kinyume: hafumbui, ila dole ananyoosha. Percival akiwepo, Merlin na Morgana wananyoosha dole naye anafumbua. Viti vya plastiki hulia mtu akijiinua kutazama, kwa hiyo kila mtu agongegonge meza kwa mkono usiotumika wakati wote wa usomaji.

Sasa Muuaji. Bila kujua lolote, kwenye meza ya watu 5 ana nafasi moja kwa tatu, kwa watu 7 moja kwa nne, kwa watu 10 moja kwa sita. Kazi ya wasaliti mchezo mzima ni kuboresha hesabu hiyo, hata wakati wanapoangusha safari. Andika kura za mapendekezo matatu ya kwanza, wakati bado hakuna mtu mwenye sababu ya kujua chochote. Aliyekataa timu yenye msaliti huku hajui kueleza kwa nini, mtie alama. Mordred akiwemo kuna dalili yenye uzito zaidi: mtiifu aliyewashuku wasaliti wengine wote kwa usahihi, ila akamweka Mordred kwenye timu zake bila wasiwasi. Huyo anaona kila kitu isipokuwa kile ambacho Merlin haoni. Jihadhari na anayepayuka sana. Mara nyingi huyo ni Percival anayejitoa awe chambo. Mwisho wa mchezo wasaliti wanajifunua na kushauriana. Chukueni dakika mbili zenu zote, maana haraka ya Muuaji ndiyo kinga ya mwisho ya Merlin.

Kipande cha Bibi wa Ziwa, ambacho kwetu huku kando ya Nalubaale (Ziwa Victoria) hakihitaji tafsiri, humruhusu mwenye nacho kutazama upande wa mtu mmoja baada ya safari ya pili, ya tatu na ya nne. Kitumieni mkiwa 7 au zaidi. Msaliti akikipata, asikimbilie kumsingizia mtiifu. Amtazame mtiifu aseme kweli, ajenge imani, na kipande, ambacho huhamia kwa aliyetazamwa, kiende kwa mtu ambaye hatawatazama wasaliti wenzake.

Kuhusu bidhaa yenyewe. Ndani mna kadi 14 za wahusika, kadi 10 za safari, vipande 20 vya kura na mabao ya kuhesabia. Vipande vya kura ni vya karatasi ngumu na vinadumu. Kadi za safari ndizo dhaifu, nazo ndizo zinazoshikwa kuliko zote. Rolex moja (chapati iliyoviringishwa na mayai) mezani inatosha kuziharibu: kidole chenye mafuta kikigusa kadi ya hujuma, kadi hiyo ina jina lake tangu siku hiyo. Kula kwanza, nawa, ndipo mgawe. Pima kadi kwa rula kabla ya kununua mifuko ya plastiki ya kuzivisha. Kavera (mfuko wa plastiki) la kawaida linatosha kwa vipande vidogo. Umeme ukikatika, taa ya simu iwekwe juu katikati ikielekea dari. Ikielekezwa mezani, mwanga unawapiga wengine usoni na kuwaacha wengine gizani, na uso wa msaliti ni sehemu ya ushahidi.

Lugha nayo ni kifaa. Kwenye meza ya Kampala watu wanahama Kiswahili, Luganda na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Haina shida mradi wote wanaelewa. Wawili wakigeukia lugha ambayo wengine hawaijui, hiyo ni minong'ono, na sheria ya meza iikatae sawasawa.

Hukumu yetu: kwa watu 7 au 8 ni mchezo wa kiwango cha juu. Kwa 5 unabana, kosa moja la msaliti linamaliza kila kitu. Kwa 10 kelele zinazidi hoja, na Merlin anajificha kirahisi mno.

Ukitaka kuujaribu kabla ya kununua, pakiti moja ya karata za kuchezea matatu, mchezo wa karata wa Uganda, inatosha hata kwa watu 10. Kila mtu apewe nyekundu moja na nyeusi moja za kura, hizo ni 20. Tenga nyekundu 5 na nyeusi 5 za safari. Zimebaki 22 za wahusika: ree ya kopa awe Merlin, ree ya shupaza awe Muuaji, nyekundu nyingine ni watiifu, nyeusi ni wasaliti. Rundo la kura na rundo la safari yasichanganyike. Na karata iwe mpya. Iliyokwisha kuchezewa kibandani ina kona zilizokunjwa, na wazee wa matatu wanazijua kwa mgongo.