Kuruwitu, Kilifi: Ziara ya Matumbawe Inayoongozwa na Wavuvi Wenyewe

Anayetaka kuyaona matumbawe ya pwani ya Kenya kwa karibu, akiwa mikononi mwa watu wanaoyalinda, namshauri aende Kuruwitu, jirani na Vipingo katika Kaunti ya Kilifi. Unalipa ada, unapewa miwani na mrija wa kupumulia, unapelekwa kwa mashua hadi ndani ya eneo lililotengwa, kisha unaogelea ukiwa na kiongozi aliyekulia katika uvuvi wa bahari hiyo hiyo.

Uzuri wa ziara hii uko kwa kiongozi huyo. Aliyenichukua mimi aliniashiria nitulie juu ya mwamba mmoja, na nilipotulia nikausikia waziwazi mlio mkavu wa samaki waitwao pono wakiguguna mwamba kwa midomo yao migumu. Tulipoinua vichwa akanieleza kwamba pono hula mwani unaoufunika mwamba, na kwamba wakivuliwa kupita kiasi matumbawe machanga hukosa mahali pa kushika. Alilisema jambo hilo kwa uhakika wa mtu aliyewahi kuwavua.

Wazee wa hapa walianza kujipanga mwaka 2003, samaki walipokuwa wamepungua kwa sababu ya uvuvi wa kupita kiasi, na miaka michache baada ya joto la bahari la mwaka 1998 kuua matumbawe mengi ya pwani yetu. Mwaka 2005 walifunga takriban hekta 30 zisivuliwe kabisa. Kwa mtu ambaye chakula cha jioni kinategemea alichokipata asubuhi, huo ulikuwa uamuzi mzito mno, nami nauheshimu kwa dhati kwa sababu haukushushwa kutoka ofisini. Samaki wanaozaliana ndani huvuka mpaka na kuvuliwa nje, na ada ya mgeni husaidia kazi ya ulinzi. Mwaka 2017 jumuiya hii ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na kwa niliyoyaona walistahili.

Omba pia uelezwe kazi ya kupanda matumbawe: vipande vidogo hupachikwa kwenye saruji, hulelewa kitaluni, kisha huhamishiwa kwenye mwamba ulioharibika. Mimi ndiyo iliyonigusa kuliko yote, maana matumbawe hukua polepole sana na anayeyapanda anajua kuwa huenda watakaoyafaidi ni wajukuu zake.

Anayetaka starehe za hoteli kubwa atafute kwingine. Ulizia mapema saa za maji kujaa na kupwa, na ukiweza uende majira ya kaskazi, upepo wa takriban Desemba hadi Machi, kwa kuwa wakati wa kusi, upepo utokao kusini, mawimbi huyavuruga maji na huoni mbali. Vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua, na usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka. Mshike kiongozi mkono, atakurudisha kwenye mashua.