Mtutu wa pili ulipogoma: bunduki ya juu na chini kwa visahani na kwa ndege

Nianze na kilichonikera. Bunduki mpya, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili iliyopandana juu na chini, imenunuliwa hapa Uingereza kwa kazi mbili: visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kama shabaha kiangazi, fezanti na kwale msimu wa ndege ukifunguliwa. Mtutu wa chini unapiga vizuri. Unavuta kifyatulio kwa ajili ya mtutu wa juu, kimya. Kidole kinakuta chuma kisichojibu, kisahani cha pili kinakupita na kwenda kutua nyasini kizima. Ukiifungua, ganda la kwanza linaruka nyuma kama kawaida, risasi ya pili imeinuliwa kidogo tu, iko vilevile ulivyoiweka.

Nilipoirudisha dukani, jamaa wa kaunta hakuifungua hata kuitazama. Alisema, "Bunduki haina tatizo. Tatizo ni bega lako." Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Ningeweza kusamehe bunduki. Mashine mpya huja na kasoro, ndiyo maana kuna dhamana. Kauli ile siisamehi, na kinachouma zaidi ni kwamba ndani yake kulikuwa na chembe ya ukweli, ila chembe hiyo haikumhusu mnunuzi.

Bunduki nyingi za aina hii zina kifyatulio kimoja kwa mitutu yote miwili, na vingi vya hivyo vinategemea teke. Ndani ya mashine kuna kipande kizito cha chuma kilichoning'inizwa. Risasi ya kwanza ikilipuka, bunduki nzima inarudi begani kwa kishindo, kile kipande kinachelewa kwa sababu ya uzito wake, halafu kinahama na kuunganisha kifyatulio na nyundo ya pili, ile inayogonga pini ili risasi ilipuke. Teke likiwa dogo, hakihami vya kutosha, na hapo unaweza kuvuta hadi kidole kiume. Vipo vifyatulio vya aina nyingine, vya kimitambo, ambavyo huhamia mtutu wa pili bila kusubiri teke.

Kuzitofautisha dukani ni kazi ya nusu dakika. Omba risasi bandia mbili, ziingize, funga, vuta. Ukisikia nyundo ya kwanza, achia kifyatulio mpaka mwisho kisha vuta tena. Nyundo ya pili ikianguka, ni kimitambo. Isipoanguka, kipige kitako kwa kiganja, teke la bandia, halafu vuta: sasa itaanguka. Muuzaji anayejua kazi yake atakuonyesha hili kabla hujauliza. Mimi sikuonyeshwa, nami sikudai. Nawaambia mdai.

Teke hupungua kwa njia tatu. Risasi nyepesi, bunduki nzito, na kitako kisichokaa sawasawa begani. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoing'ang'ania yule bwana. Sababu nyingine ya kimya, isiyohusu teke, hakuitaja kabisa: grisi. Viwanda huzijaza bunduki grisi nzito ili zisishike kutu ghalani na safarini. Dukani kwenye joto grisi hiyo ni laini. Asubuhi ya Novemba uwanjani inaganda, na kile kipande kinachotakiwa kucheza kinakuwa kama mguu uliozama kwenye tope.

Sasa tazama majaribio waliyoyafanya dukani waliposhurutishwa. Walichukua risasi za ndege, zenye gramu 32 za marisau (vile vipunje vinavyoruka), zenye teke la kumwamsha aliyelala, wakapiga jozi mbili na bunduki iliyotoka ndani kwenye joto, zikalipuka zote nne, wakaniandikia karatasi kwamba hakuna kasoro. Bila shaka zililipuka! Kwa risasi hiyo na joto hilo, hata mashine iliyojaa uji wa grisi ingehama. Visahani havipigwi hivyo. Viwanjani watu wanatumia gramu 28, na wengi wanapendelea gramu 24 kwa kuwa unapiga mia moja kwa siku na bega linabaki bega. Bunduki ya kazi mbili hupimwa kwa risasi nyepesi kuliko zote itakazolishwa, ikiwa imekaa baridini nusu saa, na hupimwa kwa jozi, siyo kwa risasi moja moja. Nilipopima hivyo, gramu 24 iligoma mara kwa mara, gramu 28 iligoma mara moja moja, gramu 32 haikugoma kamwe. Mpangilio huo peke yake unakutajia ugonjwa.

Ushahidi mwingine umeandikwa kwenye fataki, ile duara ndogo ya shaba katikati ya kitako cha risasi. Risasi ikigoma, kwanza weka mdomo wa bunduki mahali salama uhesabu sekunde 30 bila kuifungua, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha itoe uitazame kwenye mwanga. Fataki ikiwa na shimo la kina kama la ganda lililolipuka, kasoro ni ya risasi. Ikiwa na kialama hafifu, nyundo imegonga kwa unyonge: shuku springi, pini iliyovunjika ncha, au uchafu kwenye tundu la pini. Ikiwa laini kabisa, haina hata mkwaruzo, nyundo haikuanguka, na mjadala unahamia kwenye kifyatulio. Zangu zote zilikuwa laini. Niliziweka kaunta zikiwa tano, zinang'aa. Bwana yule alizisukuma pembeni kwa upande wa mkono, kama mtu anayefagia makombo.

Lipo jambo moja la kumtendea haki. Mpigaji asiyeachia kifyatulio hadi mwisho baada ya risasi ya kwanza atapata kimya hichohicho. Lijaribu kwa kukusudia: piga, achia mpaka usikie kifyatulio kimerudi, vuta. Ukiendelea kupata kimya, kidole chako kimeachiwa huru. Kingine, risasi ya kwanza yenyewe ikiwa mbovu, kifyatulio cha teke hakitahama, kwa sababu hakuna teke lililotokea. Hiyo ni tabia yake, siyo kasoro. Unarudisha kitufe cha usalama nyuma, unasogeza kichagua mtutu, unasukuma kitufe mbele. Mbele ya ndege anayepita, muda huo huna, na ndiyo sababu nasema mwenye fedha na anayewinda zaidi kuliko kupiga visahani achukue ya kimitambo.

Tiba, kumbe, ilikuwa ndogo. Fundi wa mbali, ambaye hana kaunta ya kioo wala zulia, alitoa skrubu mbili za mpira wa kitako, akiilowesha bisibisi kwa maji ya sabuni ili mpira usichanike, akafungua boliti ndefu iliyomo ndani, akavuta mbao. Ndani mlikuwa na grisi ya rangi ya asali iliyoshikana na vumbi la chuma, imejaa kote kwenye ekseli ya kile kipande. Akaiosha kwa kiyeyusho, akapuliza kwa hewa ya mgandamizo, akaacha tone moja la mafuta mepesi kwenye kila kiungo, basi. Siyo dawa ya kupuliza ovyo hadi ichuruzike. Hiyo inashuka kwenye mbao ya kitako na kuilainisha, na ikikauka inakuwa gundi. Boliti ikazwe vizuri bila kuinyonga, kisha ikaguliwe baada ya risasi mia moja, kwa kuwa mbao hujikalia upya. Kama hujawahi, usijaribu mwenyewe wakati dhamana inaishi, watasingizia bisibisi yako.

Tangu hapo, gramu 24 hazijagoma. Kwa hiyo bunduki ni nzuri? Nilikuwa nimeandika kichwani kwamba nisingemshauri hata adui yangu kuinunua, na sasa lazima nilegeze. Inafuata shabaha vizuri sana. Mitutu ni inchi 30, uzito kama kilo 3.4, na ukiilaza kwenye kidole mahali pa bawaba haielemei huku wala kule. Kwa kazi mbili hapo ndipo pa kulenga. Za visahani tupu zinafika kilo 3.7 na kupita, mitutu inchi 32. Zinatulia, zinameza teke, lakini zishike mchana mzima ukifuata mbwa kwenye matope, mikono itakusuta. Tena uzito huo ukiuchanganya na risasi nyepesi, umekula teke ambalo kifyatulio kinalihitaji. Za ndege tupu ziko kwenye kilo 3.1 hivi, mitutu inchi 28. Zinapanda begani kama upepo, ila baada ya visahani hamsini unaanza kufumba macho kabla ya kuvuta, na ukishaanza kufumba, kuacha ni kazi.

Kitufe cha usalama ni ugomvi mwingine. Za ndege hujirudisha zenyewe kwenye usalama kila ukifungua. Za visahani hukaa ulipoziacha. Ukiwa na ile ya kujirudisha uwanjani, utasahau, utavuta, kisahani kitakwenda. Fundi anaweza kuikata. Nilishikilia kwamba isiyojirudisha ndiyo ya kazi mbili. Bado naishikilia kwa mtu anayesimama mahali pamoja waswagaji wakimletea ndege. Anayevuka uzio na mitaro na wenzake wako mbele yake, achukue inayojirudisha, na visahani viwili vitatu vipotee tu.

Kuhusu choki, yaani ule ubano wa mdomo wa mtutu, usinunue mitutu yenye choki isiyobadilishika kama utatumia marisau ya chuma. Hapa Uingereza marisau ya madini ya risasi yanaondoka. Vyama vya wapigaji vilitangaza mwaka 2020 kwamba wanachama wayaache kwa hiari ndani ya miaka mitano, na kwa ndege wa majini England ilishayakataza tangu 1999. Marisau ya chuma ni mepesi, kwa hiyo panda saizi mbili: aliyezoea namba 6 achukue namba 4 (namba ikishuka, punje inakua). Ni magumu pia, hayaminyiki, basi baki kwenye choki ya robo na ya nusu, usibane zaidi. Kwa risasi za chuma zenye nguvu kubwa tafuta chapa ya ua la yungiyungi iliyogongwa ubavuni mwa mitutu. Isipokuwepo, tumia za chuma za kawaida tu. Choki za kuskrubu zipakwe grisi nyepesi kwenye nyuzi na zikaguliwe kwa vidole kila baada ya risasi 25, bunduki ikiwa imefunguliwa na vyumba vitupu. Ikilegea, gesi na marisau vinaingia nyuma ya ukingo wake, na utaona kiduara kimevimba nje ya mtutu. Hapo hakuna fundi.

Ukiangalia iliyotumika, tazama wenzo wa juu wa kufungulia: bunduki yenye maisha mbele yake, wenzo unasimama kulia kidogo ya mstari wa kati. Uliovuka kwenda kushoto umeshakula komeo. Ondoa mbao ya mbele, funga, shika kitako na mitutu utikise. Ikigonga, iache.

Nirudi kwa yule bwana, maana sijamaliza naye. Sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi wa hapa siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kudai fedha zake zote. Baada ya hapo, hadi miezi sita, kasoro inahesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kuuziwa mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Muuzaji ndiye athibitishe. Siyo bega langu. Mwandikieni barua, msiongee kaunta. Taja tarehe, taja uzito wa risasi, ambatisha picha ya fataki kwa karibu. Barua yangu ya kudai gharama ya fundi imekaa kwao majuma kadhaa sasa, hawajajibu.

Nilitaka kuipa bunduki nyota nne na duka moja. Nimeitoa tena bunduki nyota moja, kwa sababu grisi ile haikumwagwa na duka, ilitoka kiwandani, na kiwanda kinajua kwamba watu wanapiga asubuhi za baridi. Tatu, basi. Ingawa jozi ya mwisho ya jana, kisahani cha pili kikivuka kulia juu ya miti, mtutu wa juu uliitika palepale na kikawa moshi mweusi.