Mafuta ya Alizeti Dodoma: Angalia Yalipokaa Kabla ya Kuuliza Bei

Wasomaji kadhaa wa Dodoma na Manyoni wamelalamika kwamba mafuta ya alizeti waliyonunua kando ya barabara kuu yalikuwa maangavu na ya kuvutia, lakini yalipopata moto yalitoa harufu inayokaribiana na ya rangi ya mlango, na chakula kikaacha ukakasi kooni. Kwa sababu hiyo, sitazungumzia ukubwa wa chupa wala uzuri wa lebo.

Maneno "hayana lehemu" (yaani kolesteroli) kwenye lebo yasikufanye ulipe zaidi. Lehemu katika chakula hutoka kwa wanyama, kwa hiyo mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, ya pamba au ya mawese, hayana lehemu ya kuhesabika. Kinachopandisha lehemu mbaya katika damu ni hasa mafuta mgando, yaani yale yanayoganda kwa urahisi, na hapo ndipo alizeti inapostahili sifa, kwa kuwa ina takriban asilimia 11 tu ya mafuta hayo, ilhali mawese yana karibu nusu.

Hata hivyo, mafuta laini kama ya alizeti huharibika upesi yakipigwa na mwanga, joto na hewa. Wauzaji wengi hupanga chupa zinazopitisha mwanga juu ya meza inayotazama jua, asubuhi hadi jioni, ili msafiri azione kwa mbali zinavyong'aa, na mng'ao huo ndio unaomgharimu mnunuzi. Mwanga huo huo hupunguza vitamini A inayoongezwa viwandani. Shika chupa kabla ya kulipa: ikiwa na joto mkononi, irudishe, kisha omba nyingine iliyomo ndani ya katoni. Muuzaji anayekataa kufungua katoni, eti mpaka zilizo mezani ziishe, anakulazimisha ununue hasara yake, na jambo hili linaniudhi sana kila ninapopita soko la Majengo, Dodoma.

Chaguo langu la kwanza, na silifichi, ni mafuta ya alizeti ya kiwandani ya chapa ya Mount Meru, mradi chupa imekaa kivulini na tarehe yake inasomeka. Yamesafishwa, hayana mashapo, na huvumilia moto wa kukaangia kuliko mafuta ghafi.

La pili ni mafuta yaliyochujwa, ukiyafuata mwenyewe kwenye mashine ya kukamulia, Kibaigwa au Singida, hasa miezi inayofuata mavuno. Nenda na dumu safi lililokauka kabisa, uliza yamekamuliwa lini, unuse, na ukiona mashapo yametuama chini, usichukue, kwani mashapo huharakisha kuharibika na huungua kikaangoni.

Mafuta ya mawese ya bei nafuu yanafaa pale mfuko unapobana, tumia kidogo.

La mwisho ni yale yaliyojazwa katika chupa za maji zilizokwishatumika, yasiyo na jina la mkamuaji wala tarehe. Sielewi kwa nini yanauzwa kwa bei inayokaribia ya mafuta ya kiwandani, wakati wakulima wa mikoa yetu huuza mbegu kwa bei ya chini msimu wa mavuno na unafuu huo haumfikii mpishi wa nyumbani. Ukilazimika kuyanunua, chukua lita moja tu, uyahifadhi kabatini, mbali na jiko, kifuniko kikiwa kimekazwa.