Pauillac au Pomerol?

Divai nyekundu za Bordeaux, eneo la Ufaransa, hutofautiana sana kufuata ardhi. Pauillac, sehemu ya Bordeaux kwenye ukingo wa kushoto wa mlango wa mto Gironde, ina changarawe inayopitisha maji haraka na kutunza joto la jua, na ndilo joto linaloivisha Cabernet Sauvignon, zabibu inayochelewa. Divai yake ikiwa changa ina ukakasi mkali. Iliyo bora hukaa miaka 20 na zaidi ikizidi kulainika, na uvumilivu huo unalipa kweli.

Pomerol, sehemu nyingine ya Bordeaux, ni udongo wa mfinyanzi na zabibu ya Merlot: divai laini, nzito mdomoni, yenye ladha ya plamu. Haina madaraja rasmi ya divai kama yale ya 1855 yaliyoliweka shamba la Château Latour la Pauillac juu, lakini divai yake iitwayo Petrus ni ghali mno.

Ya kunywa mapema, nachagua Pomerol. Ya kuhifadhi, Pauillac.