Google Keep na kidaftari cha mfukoni: nimetumia vyote dukani na nyumbani, mtazamo wangu ni huu

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kushuka hadi chini: orodha ya manunuzi iandike kwenye karatasi, kitu chenye tarehe kiweke kwenye simu. Mi nina duka la rejareja Tandika, Dar es Salaam, nyumbani kuna mume, watoto na mama yangu mzazi anayemeza dawa za presha, kwa hiyo kutwa nzima nina vitu vya kukumbuka na sio vichache. Upande wa karatasi natumia kile kidaftari kidogo chenye waya kwa juu, vipo vya jero (shilingi 500) na vya buku (shilingi 1,000) kutegemea na unaponunua, na upande wa simu natumia Google Keep, ile programu ya bure ya kuandikia kumbukumbu, yenye alama ya balbu kwenye rangi ya njano, ipo tangu 2013 na simu nyingi za Android unaikuta imeshawekwa humo humo.

Karatasi kwanza maana hapo ndo nina mengi. Ukienda Kariakoo kufungasha mzigo, hasa ile mitaa ya Kongo na Msimbazi, watu wanagongana mabega, mkokoteni unakuja nyuma yako jamaa anapiga kelele pisha pisha, mkono mmoja umeshika mfuko, sasa hapo kila dakika utoe simu uwashe uangalie kilichobaki ni sukari au ni sabuni? Unawaita vibaka mwenyewe. Kidaftari hakuna mwenye shida nacho, unakishika hadharani, peni umeibana kwenye waya, ukipata kitu unakikata mstari unasonga mbele. Na jua la saa saba mchana kioo cha simu huoni kitu, ila karatasi jua likizidi ndo inasomeka vizuri.

Lakini faida kubwa ya karatasi kwangu ni bei. Ukurasa wangu naugawa kwa mistari mitatu ya kwenda chini: kitu, bei niliyonunua safari iliyopita, bei ya leo. Sukari mfuko wa kilo 50, sembe mfuko wa kilo 25, mafuta dumu la lita 20, viberiti, chumvi, tambi, kila kimoja kina bei ya zamani pembeni yake, na chini naandika duka nililochukua. Muuzaji wa jumla akinambia dada bei imepanda, namfungulia ukurasa, bosi wangu wiki iliyopita ulinipa kwa hii, imepanda lini? Mara nyingi anashusha, na asiposhusha basi najua kweli imepanda na mimi narudi kupandisha dukani bila kubahatisha. Keep haina jedwali, unaandika mstari mmoja mmoja tu, ukijaribu kupanga bei mbili pembeni ya jina la bidhaa inakuwa vurugu hata mwenyewe huelewi. Kuna watu watasema tumia Google Sheets, ile programu ya majedwali, sawa, ila kugusa vile vyumba vidogo kwenye simu huku umesimama katikati ya watu ni kazi nyingine kabisa.

Halafu kuna daftari la kaunta, hili ni la aina nyingine ila linahusika. Pale dukani nimening'iniza kaunta buku msumarini, peni imefungwa kwa uzi ili isitembee, kikiisha kitu yeyote aliyepo anaandika. Dada anayenisaidia, mdogo wangu akipita jioni, hata mtoto akitumwa. Hakuna nywila, hakuna bando, hakuna "subiri nikupigie nikwambie". Jioni mi nachukua kile kilichoandikwa nakihamishia kwenye kidaftari cha safari, na wakati nahamisha ndo nagundua hiki tunacho stoo, hiki hakitoki siku hizi tusichukue kingi. Kile kitendo cha kuandika upya kwa mkono kinakufanya ufikirie, na kwenye biashara ndogo kufikiria ndo mtaji wenyewe.

Ubaya wa karatasi upo na niuseme. Ukilowa na mvua na peni yako ni ya jeli, ukurasa unayeyuka wote, hivyo nunueni zile peni za kawaida za wino mzito, zinavumilia maji zaidi. Kikipotea kimepotea, hakuna kurudisha. Na karatasi haikuiti. Unaweza kuandika vizuri kabisa "Alhamisi peleka mtoto kliniki" ikakaa humo mkobani kimya na Alhamisi ikapita.

Hapo ndo nakuja kwenye simu. Mfano mzuri ni chanjo za watoto: ile kadi ya kliniki nesi anaandika tarehe ya kurudi, wiki ya 6, ya 10, ya 14, hizo mama yeyote anazishika maana ziko karibu karibu na mtoto bado mchanga. Ila surua ni miezi 9 halafu tena miezi 18, sasa kadi ikishaingia kabatini miezi yote hiyo nani anaikumbuka? Nikitoka tu kliniki, nikiwa bado nje kwenye benchi, naandika kwenye simu tarehe zote, kila moja naiwekea vikumbusho viwili, kimoja kinalia siku mbili kabla ili nipange mtu wa kukaa dukani, na kingine asubuhi ya siku yenyewe. Leseni ya biashara, kodi ya fremu, zamu yangu ya kikoba, ada ya shule, vyote vina tarehe na vyote viko kwenye simu, sitaki hata kuviona kwenye karatasi. Orodha inataka macho tu, lakini tarehe inataka kitu chenye sauti.

Mambo mawili ya kujua kabla hujaitegemea. La kwanza, kikumbusho ukikiweka kwenye Keep siku hizi kinaenda kukaa Google Tasks, programu nyingine ya Google ya orodha za kazi, usishangae kukikuta huko na kwenye kalenda. La pili ndo kubwa, na hili linawaumiza wengi bila kujua sababu: tangu Android 6.0 ya 2015 simu ikilala bila kuguswa inazizuia programu zisifanye kazi chini chini ili kutunza betri, na simu nyingi za bei zetu hizi zimeongezewa ukali juu ya hapo, hivyo kikumbusho cha saa mbili asubuhi unakuja kukiona saa nne ukiwasha kioo. Ingia mipangilio ya simu, tafuta programu, nenda sehemu ya betri, iruhusu Keep na Tasks zifanye kazi bila kubanwa. Ile moja ambayo ukiikosa kuna hasara kweli, iwekee alamu ya saa kabisa, alamu hailali. Na saa zetu za Kiswahili simu haizijui, saa mbili asubuhi unaweka 8, mwambie na unayemwachia simu akuwekee.

Kwa orodha za nyumbani Keep sio mbaya hata kidogo. Manunuzi ya mwezi yanajirudia, mchele, maharage, sabuni, dawa ya meno, ukitiki kitu kinashuka chini, mwezi ukianza unaondoa tiki zote kwa mara moja na orodha imerudi mpya. Mume wangu nimemuweka kwenye hiyo hiyo orodha kwa barua pepe yake, akipita dukani jioni anaona mkate umeshanunuliwa hivyo hatuwi na mikate mitatu. Bila bando inafungua na unaandika, ila mwenzio hataona mpaka upate mtandao. Kibodi ya Google inapokea Kiswahili kwa sauti tangu 2017, mikono ikiwa na unga unasema tu nyanya, vitunguu, hoho, japo inaweza kukuandikia yote mstari mmoja na ukaanza kukata kata mwenyewe. Na token ya LUKU jamani, ile namba ya umeme wa kulipia kabla, tarakimu 20, msinakili kwa mkono, nakili kwenye simu uitume kama ilivyo kwa aliye karibu na mita.

WhatsApp ya kujitumia mwenyewe, ambayo ilikuja mwishoni mwa 2022, najua wengi ndo daftari lenu. Nzuri kwa picha ya risiti au namba ya mtu, ila kwa orodha hapana, kesho ukishatuma mengine ile orodha imepanda juu huko na kuitafuta ni shughuli.

Mama yangu hana simu janja na hataki, kwake mpango ni kalenda ya ukutani jikoni. Akimeza dawa anaweka alama kwenye tarehe ya leo, hapo hapo naandika na siku tuliyobadilisha mtungi wa gesi ule wa kilo 15 ili nijue inakaribia kuisha lini. Kitochi chake, ile simu ndogo ya batani, nimekiwekea alamu asubuhi na usiku, chaji anakaa nayo siku kadhaa, na vitochi vingine alamu inalia hata kikiwa kimezimwa, kwa hiyo anayemnunulia mzazi aulize hilo pale pale dukani, akizime, aweke alamu ya dakika mbili mbele asikilize kabla hajalipa.