phiX174 ya vichupa vikavu: nzuri kwa maabara za Mbeya, ila maelekezo yake ni ya pwani

Shule au chuo kinachotaka wanafunzi waone virusi vikiua bakteria, kinunue phiX174 hii. Kifurushi kina vichupa viwili: faji yenyewe, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria, na bakteria wa kushambuliwa, E. koli aina ya C. Ukipanda saa nne asubuhi, saa nane mchana madoa angavu yanaonekana kwa macho kwenye zulia la bakteria. Faji nyingi hazina kasi hiyo. Na hiki ni kirusi cha nanomita 26 hivi, chenye jeni 11 na DNA ya uzi mmoja wa herufi 5,386, ambayo timu ya mwanabiokemia Fred Sanger iliisoma yote mwaka 1977.

Kasoro ni karatasi ya maelekezo. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya bahari. Presha kuka ikisoma paundi 15 huku, joto ni kama nyuzi 118, si 121. Pika agari, yaani jeli ya kukuzia bakteria, dakika 30 badala ya 15, la sivyo sahani zitaota bakteria wa mbegu sugu.

Karatasi haitaji kalsiamu pia, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu bila kalsiamu faji haing'ang'anii vizuri ukuta wa bakteria. Tia kloridi ya kalsiamu, milimola 5 kwa lita, kwenye agari ya juu, ile laini inayomwagwa juu ya agari ya sahani. Agari hiyo iwe asilimia 0.7, mililita 3, nyuzi 45 hadi 48. Joto likizidi sana linaua bakteria. Ikipoa mno inashika mabonge, na madoa hayahesabiki. Ongeza mililita 0.2 za bakteria wachanga, waliokua saa mbili au tatu, na 0.1 ya faji iliyozimuliwa. Mwaga, zungusha sahani taratibu. Madoa 84 kwenye zimulio la moja kwa milioni ni faji milioni 840 kwa kila mililita. Maji ya bomba yasitumike kuzimulia, klorini inaiharibu faji.

Ukitumia K-12, E. koli iliyozoeleka maabara nyingi, hupati doa hata moja: sukari za ukuta wake ni nyingine. Hapo muuzaji hana kosa.

Juni na Julai ndipo pa kuwa makini. Kwenye baridi faji inashika bakteria lakini haiingizi DNA, kwa hiyo agari ikiganda tu, sahani ziingie kwenye nyuzi 37. Umeme ukikatika, sanduku la barafu lenye chupa za maji ya moto na kipimajoto linatosha kwa saa hizo nne.